Marehemu Alinyonyesha Lini?

Wadogo zangu wa darasa la kumi, mliniandikia mkitaka mstaafu awaeleze habari za kazi yake. Mmempata. Nina umri wa miaka ishirini na sita, mtoto mmoja wa miezi minane ambaye sasa hivi anajaribu kula ncha ya mkeka, na saa ya mezani niliyopewa siku ya kuagwa, kama wanavyopewa wazee wa relwe waliomaliza miaka thelathini. Saa yenyewe inakwenda mbele dakika kumi. Aliyeinunua alikuwa na haraka ya kuniona nimeondoka.

Kazi yangu ilikuwa kumwandika Bwana Kibiriti.

Najua mnamjua. Kariakoo nzima hakuna nyumba isiyo na kitabu chake kimoja kilichochanika jalada, kinachosomwa kwa zamu. Yule karani mstaafu wa mahakama, kanzu safi, mfukoni ana kibiriti na wala sigara havuti. Kesi ikiwashinda watu wote, yeye huwaketisha barazani, huwasha njiti moja, huzitazama nyuso zao, halafu husema, "Haya, sasa tusomane." Na mwovu hujulikana kabla njiti haijafika kwenye vidole.

Vitabu kumi na viwili vya mwanzo aliviandika Mzee Mwinshehe, Mungu amrehemu. Vinne vilivyofuata mnaambiwa vilikutwa katika sanduku la marehemu. Imeandikwa hivyo juu ya jalada: Kutoka Sanduku la Marehemu. Sanduku hilo nimeliona kwa macho yangu. Lilikuwa na kanzu mbili, shati moja lisilo na kola na chupa ya dawa ya kikohozi. Vile vinne nimeviandika mimi, na jina langu halikuwamo hata kwenye ukurasa wa mwisho, pale chini wanapomtaja mchapaji. Hilo ndilo nililoligombea, na nalisema mapema msije mkadhani nawasimulia tu. Nilitaka jina langu.

Sikuanza kama mwandishi. Nilianza kama msahihishaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya soko, mali ya Bwana Mansuri, mtu mpole sana, mtu anayekunyima kitu huku akikuongezea chai. Nilikuwa nimetoka shule, nimeolewa, mume wangu yuko bandarini anaandika majina ya mizigo. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Feruzi, mpanga herufi. Herufi za risasi hupangwa kinyumenyume, na Mzee Feruzi alizoea mno hata akipewa gazeti la kawaida alilishika kama mtu asiyelipenda. Siku ya kwanza nilisoma kurasa ishirini nikamwambia hazina kosa.

"Umesoma hadithi," akasema. "Sikukutuma usome hadithi. Anza mwisho, rudi mwanzo, neno moja moja. Jicho likishaifuata hadithi limetekwa."

Nikarudi kinyumenyume. Nikakuta makosa thelathini na moja. Shikeni hilo, lina faida hata kwa barua za wachumba.

Mzee Mwinshehe alikuwa akileta madaftari yake kila Jumatatu, anakohoa tangu mlangoni. Mara ya kwanza niliposema naye nilikuwa na shauri.

"Shikamoo, mzee. Ukurasa wa arobaini mwizi ana mkono mmoja. Wa arobaini na tisa anapiga makofi."

Bwana Mansuri alikunja uso. Mzee Mwinshehe alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Marahaba, mwanangu. Huyo amepiga makofi ya moyoni." Akalivuta daftari, akampa mwizi mkono wa pili. Tangu siku hiyo alikuwa akikaa kwenye kiti changu, mimi nikisimama, ananieleza namna anavyofanya kazi.

Nawapa siri yake moja, kubwa kuliko zote. Ukitaka kuficha jambo, lifiche kwenye salamu. "Msomaji wetu," alisema, "akiona hujambo, sijambo, habari za nyumbani, njema, macho yanaruka. Ameshayasikia tangu asubuhi. Pale ndipo pa kuweka kisu." Katika kitabu chake cha sita kuna mtu anaulizwa, watoto hawajambo? Anajibu, wote wawili hawajambo. Ukurasa wa tatu tuliambiwa ana watoto watatu. Kariakoo nzima ilipita hapo bila kusimama, nami nikiwemo, na mimi nilisoma kinyumenyume.

Alipofariki tulizika, tukafanya hitima. Wiki ya pili Bwana Mansuri akaniita. Chai ilikuwa mezani tayari, nikajua kuna jambo.

"Binti, wewe umemsahihisha marehemu miaka miwili. Bila shaka unaweza kumwendeleza."

"Kwa jina gani?"

"La kwake. Watu wanampenda."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa unajua mwenyewe moyoni." Akanimiminia kikombe cha pili.

Nilikubali. Nilikuwa mjinga, na nilitaka sana kuandika, na vitu hivyo viwili hutembea pamoja. Nikanunua daftari, nikavisoma vile kumi na viwili upya, kila tabia ya Bwana Kibiriti nikaiandika: kahawa bila sukari, hakai kabla ya mwenyeji, haulizi swali mara mbili, kitunguu kibichi hakigusi. Ukirithi mtu wa kubuni, mchunguze kama mchumba wa dada yako. Wasomaji wanamjua kuliko wewe.

Mimi niliandika tabia arobaini na nikasahau moja. Katika kitabu changu cha kwanza, sura ya tatu, nilitaka mambo yaende mbio. Mshukiwa yumo ndani, ushahidi unachomwa moto. Bwana Kibiriti wangu akausukuma mlango kwa bega akaingia.

Kitabu hakijamaliza wiki mtaani, akaja mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, kofia yake imenyooka kama karatasi. Akakataa kiti.

"Nimekuja kutoa pole," alimwambia Bwana Mansuri.

"Pole ya nini, mzee wangu?"

"Ya Bwana Kibiriti. Nasikia siku hizi amekuwa mwizi."

"Mwizi?"

"Nani mwingine huingia nyumba ya mtu bila hodi, mume hayupo, mke yuko uani kichwa wazi? Ni mwizi, au daktari. Na udaktari hakusomea." Akakiweka kitabu mezani taratibu, kama anarudisha sahani ya jirani. "Marehemu nilimjua. Alikuwa akipiga hodi hata kwenye banda la kuku."

Bwana Mansuri akamjibu kwamba labda marehemu aliandika akiwa na homa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, hatua mbili, nimekishika kitabu changu. Ilibidi homa ichukue hata kosa langu.

Si kwamba kwetu mlimani watu huingia kama mbuzi, nasi tunabisha hodi. Lakini niliandika kama mtu anayetaka mlango uvunjike. Jioni Mzee Feruzi akaniweka chini. "Sikiliza, binti Elia. Hodi ni tatu. Ya kwanza anasikia. Ya pili anajifunga kanga. Ya tatu anaamua. Ukinyamaziwa baada ya hapo, geuka uende zako, hata kama unasikia vijiko ndani."

Nikalala na maneno yale, nikaamka na kitabu cha pili. Mtu anadai alikwenda kwa shangazi yake, akapiga hodi, akanyamaziwa, akaondoka, wala hajui nani aliyemuua. Jirani anathibitisha: kweli, nilimsikia akipiga hodi. Ngapi? Moja. Bwana Kibiriti akawasha njiti yake. Anayepiga hodi moja tu akaondoka, anajua ndani hakuna wa kuitikia. Yule mzee wa Gerezani alinunua viwili, akampelekea na shemeji yake. Akasema marehemu amepona homa.

Kosa la kitabu cha tatu nalo lilikuwa langu. Nilimpandisha Bwana Kibiriti basi kwenye kituo kilichojengwa mwaka mmoja baada ya mazishi. Watu wakauliza marehemu alijuaje. Bwana Mansuri, bila kupepesa, akasema alikuwa mtu wa kuona mbali. Mwenye duka la pili yake akaja kwa siri kuuliza kama katika sanduku hamna neno lolote juu ya mvua za mwaka huu.

Mnaona nilivyokuwa. Marehemu alikosea kwa homa, akapatia kwa utabiri. Mimi sikuwepo.

Kitabu cha nne nilikiandika nyumbani, mtoto wangu Neema akiwa na miezi miwili. Niwaambie namna ya kuandika na mtoto mchanga, maana shuleni hawatawafundisha. Usingoje utulivu, hauji. Andika sentensi moja kila akibadilisha ziwa. Unaponyonyesha mkono wa kushoto, wa kulia uko huru. Akihamia upande wa pili, fikiri. Sura zangu zote za mazungumzo niliziandika ziwa la kushoto, na zote za mashaka nilizifikiri ziwa la kulia. Daftari lilikuwa na madoa ambayo Mzee Feruzi, kwa adabu, aliyaita chai.

Na kwa kuwa nilikuwa sina jingine kichwani, kesi yenyewe ikawa ya mtoto. Wanawake wawili wanadai mtoto mmoja wa miezi mitatu. Kila mmoja analia, kila mmoja ana mashahidi, na wote wawili wametenganishwa naye tangu jana. Bwana Kibiriti hakutaka kiapo wala upanga. Aliwaketisha barazani, akapiga nao salamu ndefu za kuchosha, habari za nyumbani, habari za safari. Chumba cha pili mtoto akaanza kulia. Mmoja akainua kichwa, akasema, masikini mwanangu. Wa pili aliupitisha mkono kifuani haraka, akaubana. Kanga yake ilikuwa imelowa mahali pawili. Njiti ikawashwa.

Nilimpelekea Bwana Mansuri kwa mikono yangu, Neema mgongoni. Alilisoma daftari, akasema zuri sana. Chai ikaja. Vikombe viwili mfululizo.

"Mama," akaanza. Hapo zamani nilikuwa binti. "Kazi ya Bwana Kibiriti inataka akili iliyotulia."

"Yangu imetikisika wapi?"

"Una mtoto."

"Marehemu alikuwa na kumi na mmoja."

"Yeye alikuwa baba yao." Alisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwenzake hesabu. "Sasa wewe pumzika. Tumeamua ustaafu kwa heshima. Shabani atachukua."

Shabani ni mpwa wake. Alikuwa amekaa pembeni na miwani mipya, na daftari langu la tabia arobaini, lile nililolinunua mwenyewe, lilikuwa tayari limo kwapani mwake.

"Na kitabu hiki?" nikauliza.

"Hiki kitatoka. Kwenye sanduku bado mna nafasi."

Nikasema kitu ambacho sitakiandika hapa kwa kuwa barua hii itapita kwa mwalimu wenu. Nikapewa saa. Nikaibeba kifuani, mtoto mgongoni, nikakata katikati ya soko saa tano mchana, na kengele ya ile saa ikalia yenyewe mbele ya wauza dagaa wote. Mwanamke mmoja akaniuliza, mama, unawahi wapi? Nikamwambia, nimestaafu. Akanitazama juu mpaka chini, akanipa pole ya ugonjwa.

Miezi minne nilikaa nyumbani nikiwa na hasira. Watu husema hasira hasara. Yangu ilinifulia nepi safi kuliko zote za mtaani kwetu.

Siku ya kupima watoto nikaenda kliniki. Mnakaa kwenye mabenchi, mnangoja kuitwa, watoto wanalia kwa zamu. Pale pana mwanamke mmoja, Bi Mwanaidi, muuza mchele wa sokoni, mama wa watoto wanne, ambaye kila wiki huja na kitabu akawasomea wenzake kwa sauti, maana wengi hawakupelekwa shule. Siku hiyo alikuwa nacho. Changu cha nne. Sikukijua mpaka nilipomsikia akisoma zile salamu ndefu, nami nikajifanya namfunga Neema.

Alipofika kwenye mkono uliopita kifuani, benchi zima likatoa sauti moja, ile ya mtu aliyeguswa kidonda. Mmoja akajishika kifua bila kukusudia. Bi Mwanaidi akasoma mpaka njiti, akafunga kitabu, akakigeuza, akalitazama jalada.

"Kutoka Sanduku la Marehemu," akasoma. Akavua miwani. "Jamani. Huyu marehemu alinyonyesha lini?"

Nimesikia wanawake wakicheka misibani na harusini. Sijasikia kama vile. Muuguzi alitoka kuuliza nani kaanguka.

"Labda mkewe alimwambia," akasema mmoja.

"Amwambie nini? Mimi mume wangu nimemzalia sita, mpaka leo anadhani nimemwagikiwa maji."

"Na hizi salamu za kitabuni za watoto, anayeziuliza anajua homa ya meno," akasema Bi Mwanaidi. Sasa alikuwa akifikiri, naliona jicho lake. "Hapana. Hiki kimeandikwa na mtu ambaye mtoto analia chumba cha pili. Mwanamke. Msomi. Tena," akafungua ukurasa, "mlima haujamtoka vizuri. Hapa amesema migomba. Mpwani angesema minazi." Akayapitisha macho kwenye mabenchi, taratibu, mmoja mmoja, mpaka yakanifikia mimi, na kidole changu cha kati chenye sugu ya penseli, na Neema aliyeshika kipande cha karatasi kama watoto wengine washikavyo mkate.

Vitabu vinne nimemwandika mpelelezi, na hapo ndipo nilipoona mpelelezi akifanya kazi.

"Mama," akasema, "kwenu wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya uongo. Nikamwambia, "Haya, sasa tusomane."

Yaliyobaki waliyafanya wao. Mwezi uliofuata Shabani akatoa kitabu chake. Bwana Kibiriti wake ana suti na bastola, anavuta sigara, na njiti za boksi zima zimekwisha sura ya pili. Kitunguu kibichi anakila ukurasa wa kumi. Bi Mwanaidi alikishika pale pembezoni mwa soko kwenye mkeka wa muuza vitabu, akakipima kwa mkono kama pishi, akakirudisha. "Hiki si cha mama," akasema. Neno likashika. Hata nilipopita mwenyewe na kikapu, nikamsikia muuza vitabu akimuuliza mtu mzima na ndevu zake, "Unataka cha mama au cha mpwa?" Yule mtu akatazama kulia na kushoto, akasema kwa sauti ndogo, cha mama.

Jumanne iliyopita, baada ya saa tisa, niko chumbani kwetu Mtaa wa Sikukuu, Neema ananyonya. Nje pakasimama mtu.

"Hodi."

Niliijua sauti. Nikanyamaza. Ya kwanza nimesikia.

"Hodi hapa, mama."

Ya pili nikajifunga kanga. Nikatazama ile saa, inayokwenda mbele dakika kumi, nikahesabu pumzi zangu. Baada ya hodi ya tatu ningekuwa na haki ya kuwa sipo, na yeye angegeuka aende zake, hata akisikia vijiko. Nilitaka ageuke. Nawaambieni ukweli, nilitaka sana.

Huko nje alikohoa. "Hodi," akasema, "kwa Bi Aikande binti Elia. Mwandishi."

Miaka mitano nimefanya kazi kwa mtu yule. Nilikuwa binti, nikawa mama. Sikujua kama jina langu analijua.

"Karibu," nikasema. "Lakini kaa barazani. Mtoto hajashiba."

Alikaa. Alingoja mpaka ziwa la pili. Nilipotoka hapakuwa na chai, nikaona hajui mikono yake aiweke wapi. Akatoa karatasi mfukoni, ile ya kujaribia kabla ya kuchapa, wino bado unanuka. Jalada jipya. Sanduku la marehemu limeondoka. Chini ya Bwana Kibiriti, kwa herufi nene alizozipanga Mzee Feruzi, palikuwa na jina: Kimeandikwa na Bw. A. Elia.

"Bw.," nikasoma.

"Ni kwa ajili ya wasomaji," akasema. "Wamezoea."

"Bwana Mansuri, nipe penseli."

"Mama, herufi moja tu—"

"Mimi ni msahihishaji. Ndiyo kazi uliyoniajiria."

Akanipa. Nikaiweka karatasi kwenye goti, Neema akiivuta kona, nikaanza mwisho nikirudi mwanzo kama nilivyofundishwa. Elia, sawa. Herufi A nikaijaza mpaka ikawa Aikande. Nikafika kwenye w. Nikaikata. Pembeni, pale tunapoandika masahihisho, nikaandika i, nikaizungushia duara ili Mzee Feruzi asikosee.